Msumari Mtupu Jikoni kwa Mama Spana

Mwalimu wa chekechea alihamia kwa mama mkwe wake na maboksi kumi na moja. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu, viti vinne na sufuria tatu. Mtu akisimama mlangoni angeweza kuhesabu kila kilichomo ndani kabla hajamaliza kuvua viatu.

Hawakuwa wamepanga kuhama. Nyumba waliyokuwa wakikaa, yeye na mumewe, mwenye nyumba aliitaka ampe binti yake, na huku mama mkwe magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Mumewe, ambaye ni fundi simu na si mtu wa maneno mengi, akasema basi Mungu ameshapanga, twende kwa Mama. Wakafunga mizigo. Wifi yake, dada wa mume, aliyekaa mtaa wa pili na ambaye hakuna aliyewahi kumkuta hana neno, alikuja kusaidia kushusha. Boksi la saba lilipotua chini akashika kiuno.

"Wifi, kaka yangu kaoa mke au kaoa duka?"

Mwalimu alicheka, maana wifi ni mtu wa kutaniana naye. Lakini aibu ilimpata kidogo, kwa sababu boksi hilo la saba lilikuwa la vizibo vya soda. Vizibo mia nne na ushee, vimeoshwa, vimekaushwa. Jingine lilikuwa la trei za mayai, jingine la makasha ya viberiti na vipande vya kamba. Watoto wadogo hujifunza kuhesabu kwa kushika, na mwalimu wa chekechea hapiti penye kitu kimetupwa bila kukigeuza kwa mguu na kujiuliza kinaweza kufundisha nini. Hiyo ndiyo kazi, na ndiyo tabia pia. Yeye mwenyewe alikuwa hivyo tangu utotoni, wa kuuliza hii ni nini na ile inafanya nini, mpaka watu wazima wanahama kiti.

Boksi la mwisho kushushwa halikuwa la shule. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, mafundo manne. Mwalimu alilibeba mwenyewe. Vilikuwa vitu vya mama yake mzazi, aliyefariki mwaka mmoja na nusu uliopita. Alivifunga wiki ile ya msiba na hajavifungua tena, kwa kuwa kila akishika fundo la kwanza mikono ilikuwa inakataa.

Mama mkwe alikuwa amesimama kibarazani wakati wote huo, mikono nyuma, kama mtu anayepokea mzigo kazini. Mtaa mzima ulimwita Mama Spana. Lilikuwa jina la utani la karakana ya mabasi, ambako alifanya kazi miaka thelathini na moja, na lilimfuata mpaka nyumbani, likaingia kanisani, na hata mchungaji akimtembelea alikuwa analitumia bila kujifikiria.

"Karibu, Mwalimu," alisema. Alikuwa hajaanza kumwita mwanangu. "Maboksi yakae hapa barazani mwezi mmoja. Ukihitaji kitu, fungua, kichukue, kiingize ndani, nami nitakichorea kivuli chake. Mwezi ukiisha, boksi ambalo halijafunguliwa tunalitoa kwa mwenye haja. Hatuna ugomvi, ndivyo nyumba hii inavyokwenda."

Mwalimu akaitikia ndiyo Mama, na macho yake yakaenda yenyewe kwenye boksi la kamba ya katani.

Hivyo vivuli alivielewa alipoingia jikoni. Ukuta ulikuwa mweupe, na juu yake kila chombo kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari wake, na nyuma ya kila chombo umbo lake limezungushiwa rangi ya kijani. Mwiko, upawa, chujio, kisu kirefu, kisu kifupi, mfuniko mkubwa na mfuniko mdogo. Ukiondoa upawa, kivuli chake kinabaki ukutani kinakutazama. Chumbani ilikuwa hivyo hivyo, mkasi, mwavuli, funguo, hata kitana. Kitu kisichokuwa na kivuli hakikuwa na mahali pa kulala, na kitu kisicho na mahali pa kulala, alisema Mama Spana, ni mgeni, na mgeni huondoka.

Mwalimu, badala ya kuogopa, alipendezwa. Aliuzunguka ukuta ule kama mtoto aliyeingia dukani. Mama mkwe alipoona ameinamia mpaka kivuli cha kopo la chumvi, akalegea kidogo, akaanza kumsimulia kazi yake.

Alikuwa mtunza stoo ya vifaa. Alikaa nyuma ya dirisha dogo lenye wavu, na nyuma yake ukuta mzima ulikuwa wa spana, bisibisi na nyundo, kila kimoja na kivuli chake. Kila fundi alikuwa na vibati vitano vya duara, vimegongwa namba yake. Fundi akitaka spana, anatoa kibati, Mama Spana anaondoa spana na kutundika kibati kwenye msumari ule ule. Kwa hiyo msumari haukuwa mtupu hata siku moja. Ama una chombo, ama una kibati kinachosema chombo kiko kwa nani. Jioni alisimama katikati ya stoo na kupitisha macho, kuanzia kushoto juu mpaka kulia chini, na pakiwa na kibati hata kimoja, hakuna anayekwenda nyumbani. Mafundi wakubwa kwa wadogo walikaa chini wakimngoja aliyesahau spana mfukoni. Wengine walimtolea maneno. Aliwaacha waseme, kisha akawaambia bado moja.

Nyumbani alifanya hivyo hivyo. Kila jioni baada ya vyombo kuoshwa, kabla ya sala, alisimama katikati ya jiko na kupitisha macho. Mwalimu alianza kumtazama akifanya hivyo, na siku ya tatu au ya nne akaona jambo.

Upande wa dirisha, kati ya chujio na upawa, palikuwa na kivuli kisicho na chombo. Rangi yake ilikuwa imefifia kuliko vingine. Msumari ulikuwepo. Kibati hakikuwepo. Macho ya Mama Spana yalipofika hapo kila jioni yalisimama, yakatua, kisha yakaendelea. Hakusema bado moja. Alikwenda kusali.

Mwalimu alikuwa ameshagundua kwamba chombo kikitoka nyumbani moja kwa moja, kivuli chake hupakwa chokaa. Ukikaribia ukuta uliviona viraka hivyo, weupe mpya juu ya weupe wa zamani. Sasa hiki kimoja kwa nini hakikupakwa? Na kilikuwa kivuli cha nini? Chini kilikuwa kama ndoo ndogo iliyolala upande, na juu yake kulikuwa na sikio kubwa kupita kiasi, la duara, ambalo ungeweza kupitisha ngumi nzima.

Alimuuliza mumewe wakiwa wanaanua nguo. Fundi simu akakunja shati mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema, muulize Mama mwenyewe. Akamuuliza wifi, akitegemea kupata hadithi ya saa nzima, na hapo ndipo aliposhangaa kweli, kwa sababu wifi alitazama upande wa jikoni, akasema chai yake inapoa, na chai alikuwa ameshaimaliza.

Kumuuliza Mama Spana mwenyewe alishindwa. Hakuwa na mwezi ndani ya nyumba ya watu.

Basi akafanya alichozoea kufanya. Alikinakili kivuli kwenye karatasi, akaenda nacho darasani, akakibandika ubaoni na kuwauliza wanafunzi wake, wa miaka minne na mitano, kitu hiki ni nini. Wakajibu wote kwa pamoja kama kawaida yao. Kufuli. Mkoba wa bibi. Konokono. Mmoja akasema ni mtu mnene anayeshikilia bomba ili asianguke. Mwalimu alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kisha msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye huwa haongei mpaka atazamwe, akainuka, akaja ubaoni, akaigeuza karatasi upande, akarudi kukaa.

"Kikombe," alisema. "Kinaning'inia."

Na kweli kilikuwa kikombe. Ukishajua, huwezi tena kuona kingine.

Mwalimu alirudi nyumbani siku hiyo na furaha ya mtu aliyefumbua kitendawili, lakini furaha haikufika mbali, kwa kuwa mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu. Maboksi tisa ya shule alikuwa karibu ameshayamaliza. Mama mkwe alimuuliza kwa upole kama vizibo vinafundishia nyumbani au shuleni, naye akaona hakuna jibu jingine, akapeleka vitu vyote vya shule kwenye kabati la darasa isipokuwa boksi la vizibo vyenyewe, ambalo jirani mwenye baiskeli aliahidi kulipitia na hajalipitia. La nguo alilipunguza mpaka likaingia kwenye droo moja, na alipata hata nafasi ya kupumua, jambo ambalo hakulitegemea. Asubuhi alipata viatu bila kupiga magoti. Alimwambia mumewe kwamba hajawahi kujua ana sweta mbili tu anazozivaa, zile nyingine saba alikuwa anazihamisha tu.

Lililobaki ni la kamba ya katani. Angeweza kumwambia Mama Spana, Mama, hili niachie. Lakini angetoa sababu gani? Kwamba analitunza? Mtu hatunzi asichoweza kukifungua. Na akilifungua, atatoa nini na ataacha nini, wakati hata kopo la vifungo la mama yake lilikuwa na kelele yake anayoijua? Wala hakutaka mtu mwingine alibebe boksi lile na kwenda nalo asikokujua. Alisali juu ya jambo hilo, maneno machache tu, akimwomba Mungu amtangulie mikononi.

Jumamosi mchana, nyumba ikiwa tupu, alikaa barazani akafungua fundo la kwanza. La pili. La tatu na la nne yalikataa akayakata kwa kisu kifupi. Vitu vilikuwa vimekaa kama alivyoviacha. Magauni mawili, miwani, saa ya ukutani iliyosimama, kopo la vifungo, sweta ya kijivu, bakuli tatu zinazoingiana, mkasi wa kushonea, na chini kabisa, kimefungwa kwenye taulo, kikombe cha bati cha rangi ya samawati, kimebanduka ukingoni pale ambapo mdomo wa mama yake ulikuwa unagusa kila asubuhi.

Alilia, kama alivyojua atalia. Kisha, akiwa bado na kikombe mkononi, wazo likamjia. Alikwenda jikoni akakitundika kwenye ule msumari mtupu.

Kilikaa. Mwili wa kikombe ulifuata mstari wa kijani kwa kukaribia sana. Sikio tu ndilo lililopwaya, kivuli kikabaki nje yake kama mkono wa shati la mtu mkubwa. Lakini kwa mtu anayepita haraka, ukuta ulikuwa umejaa. Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. Aliona kwamba Mungu amemjibu kwa jibu moja maombi mawili: kikombe cha mama yake kimepata mahali, na msumari wa mama mkwe wake umepata kitu. Alikwenda kupika akiimba.

Jioni walikula wote watatu. Vyombo vikaoshwa. Mama Spana akasimama katikati ya jiko, mikono nyuma, akaanza kushoto juu. Mwalimu alikuwa anafuta meza na kumtazama kwa pembe ya jicho, kama mtoto aliyeficha zawadi.

Macho yalifika kwenye chujio. Yakaenda mbele. Yakarudi.

Mama Spana alivuta kiti, akakaa, kitu ambacho hajawahi kufanya wakati wa kupitisha macho. Fundi simu akaweka chini simu aliyokuwa anaifungua.

"Nani kakitundika?"

"Mimi, Mama."

"Cha nani?"

"Cha marehemu mama yangu."

Mama mkwe akanyanyuka kwa shida ya magoti, akakitoa kikombe msumarini, akakiweka mbele ya Mwalimu kwa mikono miwili, taratibu sana, kama kinavuja.

"Kizuri," alisema. "Lakini pale si kwake. Kaa nikuambie."

Akamwambia. Mwaka wake wa pili karakana, fundi mmoja alipoteza spana. Kwa kuogopa kuchelewesha wenzake, alileta ya kwake kutoka nyumbani, inayokaribia kufanana, akaitundika kwenye kivuli cha iliyopotea. Ilipwaya kidogo. Jioni Mama Spana alipitisha macho, akaona ukuta umejaa, akafunga stoo akaenda zake. Spana yenyewe ilikuwa imesahauliwa ndani ya injini ya basi. Asubuhi injini ilipowashwa, feni iliirusha, na fundi aliyekuwa ameinama hapo alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

"Huyo hakuwa yule aliyeficha," alisema. "Huyo hakuwa na kosa lolote. Nilikwenda hospitali kumwomba radhi, maana macho yalikuwa yangu. Nikaenda tena. Mara ya tano akaniambia, dada, unakuja sana, bora tuoane tupunguze nauli."

Fundi simu akatabasamu akitazama meza. Huyo alikuwa baba yake.

Kwa vidole vitatu, vikombe vya kawaida vilikuwa vinamponyoka. Basi alichukua kikombe kikubwa cha bati, akaking'oa sikio, akakichomelea jingine la fimbo nene ya chuma, kubwa la kupitisha mkono mzima. Alikinywea chai miaka ishirini na saba. Aliposema buriani, Mama Spana alisafisha nyumba kwa siku nne. Hivyo ndivyo alivyojua kufanya. Nguo kwa wenye kuzivaa, zana kwa mafundi, viatu kwa jirani. Watu walimsifu, wakasema mama huyu ana moyo. Kwenye gunia moja la vyombo, akiwa amechoka, alitumbukiza na kikombe, akijiambia nani hapa atatumia kikombe chenye sikio kama mlango. Gunia likachukuliwa na waliokuwa wanakusanya msaada. Hakuuliza linakwenda wapi.

"Miaka thelathini na moja sijatoa hata bisibisi bila kibati. Nikakitoa hicho." Aliutazama msumari. "Baada ya wiki mbili nilichemsha chai nikanyoosha mkono. Hawa wanangu walikitafuta mpaka nikawakataza, nikasema asiyejua kakitoa kwa nani asisumbue watu. Kupaka chokaa nikashindwa. Na kujaza kitu kingine siwezi, mwanangu. Nitapita nikiona pamejaa, nitasahau kwamba nilikosa."

Mwalimu alisikia hilo neno mwanangu, lakini hakuligusa, aliliacha lipite kana kwamba hakulisikia. Alisema amekosa, amsamehe. Mama mkwe akasema hakuna kosa, yeye mwenyewe ndiye aliyeacha msumari bila maelezo ndani ya nyumba yenye mtu anayeuliza.

Kisha akamuuliza kuhusu lile boksi. Mwalimu akasema kweli: kwamba amelifungua leo, kwamba kikombe anakihitaji, na vile vingine angeweza kuvitoa, sweta kwa mama wa yule mtoto wa kiti cha nyuma, bakuli kwa wifi, mkasi kwa fundi cherehani wa njiapanda. Kuvitoa si tatizo. Ila anaogopa kwamba baada ya mwaka atakuwa hajui viko wapi, na mama yake atakuwa ametawanyika.

Mama Spana akatingisha kichwa taratibu. Akasema hapo ndipo vibati vilipokuwa na kazi, na vibati vilibaki karakana.

Mwalimu alimtazama. Alitoka kwenda barazani bila kuaga, wakasikia anaburuta kitu. Alirudi na boksi la vizibo akalitua juu ya meza, na fundi simu akafunika uso kwa kiganja akicheka.

Mama mkwe akachota kiganja cha vizibo. Akakigeuza kimoja, akakipima kwa kidole gumba, akakigonga mezani kusikia mlio wake.

"Ni vyepesi," alisema. "Lakini ni vya duara."

Wakati wa mchana wa kesho yake, baada ya ibada, waliketi watatu barazani. Fundi simu alitoboa vizibo kwa msumari wa moto. Mwalimu aliandika ndani ya kila kimoja kwa kalamu ya wino mzito: sweta, na kwa nani, bakuli, na kwa nani, miwani, na kwa nani. Mama Spana alichukua kikombe cha samawati, akakiweka ukutani chini ya msumari mpya, karibu na mlango ambako mwanga wa asubuhi unaingia, akakizungushia penseli na kisha brashi. Alitoka nje ya mstari mara moja, akafuta kwa kona ya kitambaa. Pembeni yake walitundika waya wa vizibo saba. Vizibo vingine vyote vilikwenda darasani, isipokuwa kiganja kimoja ambacho Mama Spana alisema kiwekwe kwenye kopo la vifungo, na kopo likachorewa kivuli.

Wifi alikuja kuchukua bakuli zake. Alipoambiwa hatoki nazo mpaka aone kizibo chake kinatundikwa, aliuliza kama na yeye anaajiriwa karakana au anakopeshwa bakuli tu. Lakini alipoona kiganja cha mama yake kinakwenda kwenye msumari wa dirishani, akanyamaza mara ya pili mwaka huo.

Mama Spana alikuwa ameshika kizibo kisichoandikwa. Mwalimu alimnyooshea kalamu. Aliitazama kalamu, akafikiri.

"Siandiki," alisema. "Siku nikijua, nitaandika."

Akakitundika.

Jioni alisimama katikati ya jiko na kupitisha macho. Siku hizi anachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu akifika mlangoni anavisoma vizibo vya waya kimoja kimoja, na kila aliyeandikwa anamtaja mbele za Mungu, mwenye sweta apate joto, mwenye miwani aone vizuri. Akifika dirishani hana jina la kusoma. Anamwombea huyo huyo, aliye na kikombe chenye sikio kubwa, popote alipo, kwamba chai yake iwe ya moto na kikombe kisimponyoke mkononi. Kisha anamgeukia mkwewe, ambaye bado yuko na kitambaa cha meza mkononi, anayetaka kujua leo amemtaja nani wa kwanza, na anamwambia njoo tusali.